IPv6 katika Mitandao ya Simu: Kwa Nini Kuongeza Anwani Mpya Hakutoshi Bila Kuondoa za Zamani

Kila mara mtu anapowasha data kwenye simu yake, lango la kampuni ya simu linaloiunganisha simu hiyo na intaneti huipatia anwani, yaani namba itakayotumika kuirudishia majibu ya kila inachokiomba. Ukifungua sehemu ya mipangilio inayoonyesha taarifa za simu utaiona namba hiyo, na mara nyingi itakuwa na mafungu manne yaliyotenganishwa kwa nukta, la kwanza likiwa 10 au 100. Ukifungua wakati huohuo tovuti inayokuonyesha anwani unayoonekana nayo huko nje, utakuta namba nyingine kabisa, ambayo kwa mtumiaji wa Kenya au Tanzania huenda ikaanza na 41, 102, 105, 154, 196 au 197. Baina ya namba hizo mbili kuna mtambo ghali ambao mteja hauoni, na mjadala wote wa kuhamia IPv6, toleo jipya la anwani za intaneti, katika mitandao ya simu ni mjadala wa namna ya kuupunguzia mtambo huo kazi.

IPv4, toleo la itifaki (kanuni za mawasiliano) ya intaneti ambalo dunia imelizoea, lilichapishwa Septemba 1981 likiwa na anwani zenye urefu wa biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 au 1, jambo linalotoa jumla ya anwani 4,294,967,296. Kwa wakati ambapo kompyuta zilizounganishwa zilihesabika kwa mamia, idadi hiyo haikuwa na sababu ya kumtia mtu wasiwasi. Miaka 30 baadaye, tarehe 3 Februari 2011, IANA, inayosimamia ghala kuu la anwani, iligawa mafungu matano ya mwisho, moja kwa kila msajili wa kanda, na AFRINIC, msajili wa Afrika mwenye makao yake Mauritius, ikapata fungu linaloanza na 102. Mgawo ulikuwa sawa kwa wote, lakini mahitaji hayakuwa sawa. Kanda ya Asia na Pasifiki ilianza kutoa kwa mgao wa tahadhari miezi miwili tu baadaye, Ulaya ikafuata Septemba 2012, na Amerika Kaskazini ikaishiwa Septemba 2015. Afrika ilidumu muda mrefu zaidi kwa kuwa ilikuwa inazitumia polepole, na tangu Januari 2020 mwombaji hapewi zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. Kampuni ya simu yenye wateja milioni 10 haina la maana inaloweza kufanya kwa anwani 1,024.

Kilichoiwezesha intaneti kuendelea kukua licha ya uhaba huo ni kugawana. Mwaka 1996 yalithibitishwa mafungu ya anwani kwa matumizi ya ndani peke yake, kubwa kuliko yote likiwa lile linaloanza na 10, lenye anwani 16,777,216, na mwaka 2012 likaongezwa fungu jingine la anwani 4,194,304, linaloanzia 100.64, mahususi kwa watoa huduma za mawasiliano. Kwa kuwa anwani hizi hazitakiwi kuonekana nje, kila kampuni inaweza kutumia zilezile zinazotumiwa na jirani yake bila kugongana naye. Pakiti, yaani kipande cha data kinachotumwa mtandaoni, inapotoka kwenda intaneti, mtambo wa kutafsiri anwani, ambao wahandisi huuita NAT, hufuta anwani ya ndani, huandika mahali pake anwani ya umma, na huweka kumbukumbu ya simu iliyotuma. Aliyesoma shule ya bweni anaujua utaratibu huu: S.L.P. moja kwa wanafunzi mia kadhaa, na karani anayejua barua ipi ni ya nani. Ila karani wa NAT haoni jina la mwanafunzi juu ya bahasha. Anachokitegemea ni namba ya poti, inayotofautisha muunganisho mmoja na mwingine katika anwani moja, na kwa kila anwani ya umma namba hizo ni 65,536 tu katika kila itifaki ya usafirishaji, iwe TCP au UDP.

Poti hizo huisha upesi. Ukurasa mmoja wa habari uliojaa matangazo unaweza kufungua makumi ya miunganisho kwa mkupuo, na simu ya kisasa ina programu nyingi zinazowasiliana na seva zao hata ikiwa mfukoni. Kampuni ikiamua kumtengea kila mteja poti 1,000 ili asikwame, anwani moja ya umma itawatosha wateja 65 tu. Kila muunganisho lazima uandikwe kwenye jedwali la mtambo na, pale sheria inapoitaka kampuni iweze kueleza nani alikuwa nyuma ya anwani fulani saa fulani, kumbukumbu zinapaswa kuhifadhiwa hadi kiwango cha poti na sekunde, la sivyo jibu litakuwa orodha ya watu wengi wasiohusiana. Europol, shirika la ushirikiano wa polisi la Umoja wa Ulaya, lililalamika hadharani Oktoba 2017 kwamba kugawana anwani kwa namna hii kunakwamisha upelelezi kwa kuwatia wasio na hatia katika kundi moja na mhalifu. Hata pasipo uhalifu, tovuti inayoifungia anwani kwa sababu ya mtumiaji mmoja mkorofi huwafungia wenzake wote waliopewa anwani hiyo, au huwalazimisha kuthibitisha kila mara kwamba wao si roboti.

Gharama nyingine hulipwa na betri. Jedwali la NAT haliwezi kutunza milele muunganisho ulio kimya, kwa hiyo huufuta baada ya muda, mara nyingine dakika chache tu. Programu inayotaka kupokea ujumbe papo hapo hulazimika kutuma pakiti ndogo mara kwa mara ili isisahaulike, na kila pakiti ya namna hiyo huiamsha redio ya simu ambayo ingekuwa imepumzika. Zaidi ya hayo, simu iliyo nyuma ya NAT haiwezi kufikiwa na simu nyingine moja kwa moja bila ujanja, kwa hiyo mazungumzo ya video kati ya mtu aliye Mwanza na mwenzake aliye Bukoba yanaweza kulazimika kupitia seva ya kati iliyo mbali na wote wawili.

Kampuni za simu hazikusukumwa na haya peke yake. Kuna upungufu ambao hautajwi sana, nao ni wa anwani za ndani. T-Mobile ya Marekani, ambayo ni mfano bora wa suala hili, ilikuwa na makumi ya mamilioni ya wateja wakati fungu zima linaloanza na 10 lina anwani chini ya milioni 17, na fungu hilohilo linahitajika pia kwa mitambo ya kampuni yenyewe. Kampuni ya ukubwa huo hulazimika kuugawa mtandao wake katika kanda, na kurudia anwani zilezile katika kila kanda, hali inayofanya kila kazi ya usimamizi iwe ngumu maradufu: anwani moja ya ndani haimtambulishi tena mteja mmoja hata ndani ya kampuni. Hapo ndipo hesabu ya IPv6 ilipoanza kuwa na mantiki ya kibiashara, kwa kuwa iligusa shughuli za kila siku na haikusubiri mustakabali wa intaneti ya dunia.

IPv6 ilichapishwa kwa mara ya kwanza Desemba 1995 na ikafikishwa kwenye hadhi kamili ya kiwango cha intaneti Julai 2017. Anwani zake zina biti 128, na jumla yake ni kama 340 ikifuatiwa na sufuri 36. Namba ya ukubwa huo haimwambii mtu chochote, kwa hiyo ni afadhali kutazama kinachotokea kwenye simu moja. Katika mtandao wa simu, lango haliipi simu anwani moja ya IPv6. Huipa kiambishi, yaani sehemu ya mwanzo ya anwani, cha biti 64, na biti 64 zinazobaki simu hujipangia yenyewe. Nafasi ambayo simu moja inapata hivyo ni kubwa mara bilioni 4.3 kuliko intaneti nzima ya IPv4. Kwa upande wa kampuni, mgawo mdogo kabisa wa kawaida ambao AFRINIC humpa mtoa huduma, wenye anwani zinazoanza kwa 2c, unatosha kuzipa simu bilioni 4.3 kiambishi chake kila moja. Linganisha hilo na anwani 1,024 za IPv4 kwa ombi moja, na utaona kwamba uhaba uliopo ni wa aina moja tu ya anwani.

Ugumu unatokana na kwamba matoleo haya mawili hayaelewani. Kifaa chenye IPv6 pekee hakiwezi kuzungumza na seva yenye IPv4 pekee bila mkalimani katikati, kwa kuwa anwani ya biti 128 haiwezi kuingia katika nafasi ya biti 32 iliyopo kwenye kila pakiti ya IPv4. Wapo wanaowalaumu waliobuni IPv6 kwa kutoifanya ioane na ile ya zamani. Kwa maoni yangu lawama hiyo haina msingi, maana urefu wowote ulioongezwa ungeleta ukuta uleule.

Ushauri wa awali ulikuwa kuendesha yote mawili sambamba: simu ipewe anwani ya IPv4 na ya IPv6, itumie mpya inapowezekana na ya zamani inapobidi. Kwa nyumba au ofisi ushauri huu unafaa. Kwa mtandao wa simu ulikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ilikuwa ya bili: katika mitambo ya kizazi cha tatu, kabla viwango havijaruhusu muunganisho mmoja kubeba aina zote mbili, simu ilibidi ifungue miunganisho miwili ya data, na watengenezaji wa mitambo hiyo walikuwa wakitoza leseni kwa idadi ya miunganisho. Viwango vya 4G viliiondoa kasoro hiyo kwa kuleta aina ya muunganisho inayobeba zote mbili kwa pamoja. Kasoro ya pili haikuondoka, na ndiyo kiini cha jambo lote. Mtandao unaompa kila mteja anwani zote mbili haujaokoa hata anwani moja ya IPv4. Fungu linaloanza na 10 linaendelea kujaa, jedwali la NAT linabaki kuwa la lazima kwa kila simu, na juu yake imeongezwa itifaki ya pili ya kusimamia, kulinda na kurekebisha inapoharibika. Kampuni inayoishia hapo imeongeza kazi bila kupunguza gharama, na haishangazi wakuu wa fedha wanapokataa kuendelea.

Waliofanikiwa waliiondoa IPv4 kwenye simu kabisa. Nyenzo za kufanya hivyo zilikamilishwa Aprili 2011 kwa jozi ya mitambo iitwayo NAT64 na DNS64. Simu yenye IPv6 pekee inapouliza anwani ya tovuti ambayo ina IPv4 tu, seva ya majina, inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani, huipa anwani ya IPv6 iliyotungwa, ambayo ndani yake imefichwa anwani halisi ya IPv4. Simu hutuma pakiti kwa anwani hiyo bila kujua lolote, nayo NAT64 iliyo pembezoni mwa mtandao huifungua, huisoma anwani iliyofichwa, na hutafsiri mazungumzo yote. Tovuti yenye IPv6 yake yenyewe haiguswi na mtambo huo. Pakiti zake hupita moja kwa moja. Kwa hiyo kadiri tovuti nyingi zaidi zinavyohamia IPv6, ndivyo mtambo wa kutafsiri unavyopungua kazi, jambo ambalo haliwezi kutokea mahali ambapo simu ina IPv6 sifuri.

Utaratibu huo ulikwama kwenye kitu kidogo. Unategemea simu kuuliza jina, ilhali baadhi ya programu hazikuuliza jina. Zilikuwa na anwani za IPv4 zilizoandikwa ndani yake, au zilitumiana anwani hizo zenyewe kwa zenyewe. Skype ilikuwa mfano maarufu. Programu ya namna hiyo ilikufa tu kwenye mtandao wa IPv6 pekee, na mteja aliyelipia huduma hataki kuelezwa habari za itifaki. Suluhisho, lililochapishwa Aprili 2013 kwa jina la 464XLAT likiwa na mhandisi wa T-Mobile miongoni mwa waandishi wake, lilikuwa kuweka mkalimani wa pili ndani ya simu yenyewe. Programu ya zamani hupewa anwani ya IPv4 ya bandia isiyotoka nje ya simu. Pakiti zake hutafsiriwa kuwa IPv6 hapohapo, husafiri ndani ya mtandao wa kampuni kama IPv6, na kurudishwa kuwa IPv4 kwenye NAT64. Google iliuweka utaratibu huo ndani ya Android 4.3 mwaka huohuo, na T-Mobile ikaanza kuuza simu za Android ambazo kwa kawaida yake zilijiunga na mtandao bila anwani yoyote ya IPv4.

Apple ilichukua njia ya kuwabana watengenezaji wa programu. Ilitangaza mwaka 2015, na kuanzia tarehe 1 Juni 2016 ikaanza kutekeleza, kwamba programu isiyofanya kazi kwenye mtandao wa IPv6 pekee haitakubaliwa katika duka lake. Inaelekea amri hiyo moja ilisafisha programu nyingi kuliko mihadhara ya miaka kumi iliyotangulia. Vipimo vya baadaye vilionyesha zaidi ya asilimia 90 ya mawasiliano ya T-Mobile na tovuti kubwa zenye IPv6 yakipita kwa itifaki hiyo. Verizon, mshindani wake, ilikuwa imeshaamua mapema zaidi, ilipofungua mtandao wake wa 4G Desemba 2010, kwamba simu zote za mtandao huo ziwe na uwezo wa IPv6.

India inaonyesha kinachowezekana pale mtandao unapojengwa upya tangu msingi. Reliance Jio ilianza huduma kwa umma Septemba 2016 ikiwa na 4G pekee, bila mitambo ya vizazi vilivyotangulia, na kufikia Februari 2017 ilikuwa na wateja milioni 100. Hakuna ghala la anwani za IPv4 popote duniani ambalo lingeweza kuipa kampuni mpya mgawo wa kutosha idadi hiyo. Jio iliwaweka wateja wake kwenye IPv6 tangu mwanzo, washindani wake wakafuata, na leo vipimo vya Google vinaonyesha zaidi ya asilimia 60 ya watumiaji wake nchini India wakifika kwa IPv6, wakati wastani wa dunia unakaribia nusu.

Afrika Mashariki haikuwa na msukumo wa namna hiyo. Mitandao yake mikubwa ilijengwa kwa awamu juu ya mitambo ya 2G na 3G, na NAT zake zilikuwa zimeshanunuliwa. Huduma ya data iliyobadilisha maisha ya watu wengi hapa, yaani kutuma fedha kwa simu, haikuhitaji intaneti: anayebonyeza *150*00# anatumia njia za mawimbi ya udhibiti wa mtandao wa simu, ambako anwani ya IP ya simu yake haihusiki kabisa. Kwa miaka mingi, basi, mahitaji ya anwani yalikua polepole kuliko idadi ya laini. AFRINIC nayo ilikuwa bado na IPv4 ya kutoa wakati wengine walishaishiwa, na unafuu huo uliondoa haraka. Baadaye taasisi hiyo ikaingia katika misukosuko: mwaka 2019 ilifichuka kwamba mamilioni ya anwani yalikuwa yamechepushwa kutoka katika kumbukumbu zake, na mwaka 2021 akaunti zake za benki zilizuiwa kwa muda kwa amri ya mahakama ya Mauritius katika mgogoro na mmoja wa wanachama wake. Kwa kampuni iliyokuwa ikitegemea kupata anwani zaidi za zamani, hiyo ilipaswa kuwa sababu tosha ya kugeuka.

Kikwazo kimoja cha kiufundi kinafaa kuelezwa kwa sababu kinawagusa wasafiri. Simu inapovuka mpaka, kwa mfano Namanga au Mutukula, mtandao mwenyeji huuliza mtandao wa nyumbani ni huduma zipi mteja ameruhusiwa. Mitambo ya zamani ya mtandao mwenyeji ikikutana katika jibu hilo na aina ya muunganisho inayobeba IPv4 na IPv6 pamoja, ambayo yenyewe haiijui, inaweza kuukataa wasifu mzima wa mteja, naye akakosa hata mtandao. Hitilafu hii ilielezwa kwa kirefu katika waraka wa wahandisi wa intaneti wa mwaka 2015, na ndiyo sababu katika mipangilio ya APN (ile ya kuunganisha data) ya simu za Android kuna chaguo mbili tofauti za itifaki, moja kwa matumizi ya nyumbani na nyingine kwa matumizi ya nje. Kampuni nyingi huiacha ya pili ikiwa IPv4 kwa tahadhari, na kwa sasa ni uamuzi wa busara.

Hofu kwamba IPv6 humweka mtumiaji wazi, kwa kuwa hakuna NAT ya kumficha, haina uzito ule unaopewa. Kinachozuia maombi yasiyoalikwa kuifikia simu ni ukuta wa ulinzi, na ukuta huo unaweza kuwekwa kwenye lango la IPv6 kama unavyowekwa kwingine. Kampuni isiyouweka imekosea usanidi. Kuhusu faragha, simu za leo hujipangia sehemu ya mwisho ya anwani kwa bahati nasibu na kuibadilisha, na kiambishi chenyewe kwa kawaida hubadilika simu inapojiunga upya na mtandao.

Kampuni ya simu ikishaiondoa IPv4 kwenye simu, ukubwa wa mtambo wa NAT64 itakaoununua huamuliwa na tovuti ambazo wateja wake hutembelea. YouTube, Facebook, WhatsApp na Netflix zina IPv6 tangu muda mrefu, na kwa kuwa video ndiyo sehemu kubwa ya data, mzigo mzito hupita pembeni ya mkalimani. Zinazobaki nyuma mara nyingi ni za hapahapa: benki, halmashauri, vyuo, magazeti. Matokeo yake ni kinyume na yanayotarajiwa, kwamba mteja wa Dodoma anaweza kufika kwenye video iliyohifadhiwa nje bila kutafsiriwa popote, kisha akapitishwa kwa mkalimani anapofungua tovuti ya halmashauri yake. Kwa wenye tovuti, kubaki na IPv4 kumeanza kuwa na bei: tangu tarehe 1 Februari 2024 Amazon hutoza wateja wake wa seva za mbali dola 0.005 kwa saa kwa kila anwani ya umma ya IPv4, karibu dola 44 kwa mwaka, huku IPv6 ikiwa bure. Kazi yenyewe kwa tovuti ya kawaida ni kuomba IPv6 kwa mwenye seva, kuongeza rekodi ya aina ya AAAA, inayobeba anwani ya IPv6, kando ya ile ya A yenye anwani ya IPv4 katika orodha ya majina ya kikoa, na kuandika upya kanuni za ukuta wa ulinzi ili zihusu itifaki zote mbili.